Mambo 10 Yanayomsubiri Anayesomea Habari, Kuanzia Dogo Hadi Kubwa

Msimu wa udahili ukifika, kila ukoo hutoa mtu mmoja anayetangaza kwamba anakwenda kusomea uandishi wa habari na mawasiliano ya umma. Sebule inanyamaza. Baba anauliza kama nafasi za uhasibu zimejaa. Mama anasema mtoto huyu alianza kuongea mapema, kwa hiyo Mungu fundi. Shemeji aliyesoma uhandisi anacheka mpaka soda inamtoka puani.

Mwacheni acheke. Masomo haya si ya jana. Kule Nyegezi, Mwanza, Kanisa Katoliki lilianzisha kituo cha mafunzo ya jamii 1960, kikafundisha waandishi, na 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT. Dar es Salaam nako Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania, ambacho wakongwe mpaka leo wanakiita TSJ, kilianza 1975 na sasa ni Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pembeni yake vimeota vyuo vya kila saizi, vingine vina jina refu kuliko korido.

Basi, kwa faida ya wanaotaka kuomba nafasi, tuhesabu kurudi nyuma.

10. Ndugu watauliza utaonekana lini kwenye TV

Watauliza wiki ya kwanza, hata kitambulisho cha chuo hujapata. Usiwalaumu. Zanzibar walipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara tulingoja mpaka 1994, na bado wapo wazee wanaomwamkia msomaji wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku na kukasirika asipoitikia.

Chuoni utagundua kwamba nyuma ya kila sura moja unayoiona kuna watu chungu nzima usiowaona: mwandishi aliyeifuata habari, mpigapicha aliyebanwa na umati mlangoni mwa mahakama, mhariri wa picha, fundi mitambo, mwongozaji anayehesabu sekunde kwa vidole, na dereva aliyewafikisha wote. Wengi wa darasa lako wataishia huko nyuma. Mwambie bibi asome majina yanayopita mbio mwisho wa kipindi. Asipoliona lako, mwambie lilipita wakati anatafuta miwani.

9. Mwaka wa kwanza wote wana "sauti ya redio"

Utawatambua kwenye foleni ya chakula. Kijana aliyetoka kwao akiongea kama watu, leo anaagiza ugali, maharage na mchicha kwa uzito wa mtu anayetangaza msiba wa kitaifa. Mama ntilie anamwangalia kwa huruma: "Mwanangu, kifua kinakubana?"

Halafu anaingia mwalimu wa redio na kuibomoa sauti hiyo tofali kwa tofali. Msikilizaji yuko jikoni, mtoto analia, mafuta yanachemka. Huyo anahitaji sentensi fupi yenye jambo moja, maana redio hairudi nyuma ili asikie tena. Anahitaji hesabu anazoweza kuzibeba kichwani: shilingi 1,247,300 za gazetini, hewani zinakuwa karibu shilingi milioni moja na robo. Anahitaji cheo kitangulie jina, ajue kwanza ni nani anayeongea. Na L na R zikae mahali pake. Kila mkoa una ndugu zetu wa "balabala", na kila mkoa huapa kwamba ni wa mkoa wa jirani.

Kumbuka pia kwamba masikio ya nchi hii yana uzoefu. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo 1951. Sauti ya kuazima wanaikamata kabla hujamaliza salamu.

8. Kazi ya kundi itakufundisha binadamu

Mko sita, mmeagizwa filamu ya dakika tano. Wa kwanza ana mawazo. Wa pili ana mawazo kuhusu mawazo ya wa kwanza. Wa tatu ana simu yenye kamera kali, kwa hiyo amejiteua mwongozaji. Wa nne yuko "njiani" tangu Jumatatu. Wa tano anafanya kazi yote. Wa sita utamfahamu siku ya kuwasilisha: ndiye aliyevaa suti.

Kamera ya chuo nayo hubebwa kama kichanga cha wiki moja, watu wanne wameweka mikono chini na wa tano anasema "taratibu, taratibu". Mkifika mahali pa kurekodi mnagundua mambo matatu, tena kwa mpangilio huu: betri haina chaji, kadi imejaa, maikrofoni imebaki hosteli. Hapo somo linaingia bila slaidi. Mtazamaji atavumilia picha yenye giza, lakini sauti mbovu haivumilii hata nusu dakika.

Wenye bahati ni wa vyuo vyenye vituo vyao. Mlimani TV na Mlimani Redio za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au redio ya SAUT kule Mwanza, zinampa mwanafunzi kitu ambacho darasa halina: msikilizaji wa kweli, asiyejua kwamba wewe bado unajifunza, na ambaye angejua asingejali.

7. Nadharia zitakufuata mpaka kwenye kundi la ukoo

Utasoma kwamba 1950 David Manning White alichapisha utafiti kuhusu mhariri mmoja wa gazeti la Marekani, akambatiza jina la Mr. Gates. Kwa wiki nzima mhariri huyo alihifadhi kila habari kutoka mashirika ya habari aliyoikataa na kuandika kwa nini ameikataa. Takriban tisa kati ya kila kumi ziliishia kapuni, nyingine kwa sababu tu hakuzipenda. Hiyo ndiyo nadharia ya mlinda lango. Utaiandikia insha ya kurasa nane, kisha utafungua WhatsApp na kukuta shangazi, admini wa kundi la ukoo, amefuta tangazo la harusi ya upande wa pili. Mr. Gates angalau aliandika sababu.

Utakutana na Paul Lazarsfeld na wenzake, waliofuatilia wapiga kura wa kaunti ya Erie, Ohio, wakati wa uchaguzi wa 1940. Waligundua kwamba habari haziruki moja kwa moja kutoka redioni hadi kichwani mwa mtu. Zinapita kwanza kwa wachache wanaofuatilia sana, nao ndio wanaowaeleza wengine. Sisi tuna vijiwe vya kahawa, na kila kijiwe kina mzee mmoja anayesoma gazeti kwa niaba ya wote, akiruka kurasa zinazoisifia timu asiyoipenda.

Mwisho watakuja McCombs na Shaw, waliowahoji wapiga kura 100 wa Chapel Hill katika uchaguzi wa 1968. Walionyesha kwamba mambo yaliyopewa uzito na vyombo vya habari ndiyo hayo hayo watu waliyoyaona mazito. Asiyeamini asimame kwenye meza ya magazeti asubuhi ya mechi ya Simba na Yanga, ahesabu ni wangapi wanajadili bei ya mbolea.

6. Utasoma kwa Kiingereza, utafanya kazi kwa Kiswahili

Chuo kikuu vitabu ni Kiingereza, mihadhara Kiingereza, mtihani Kiingereza. Kisha unatumwa soko la samaki la Feri ukamhoji mama anayekaanga pweza. Unamuuliza anauonaje "mchango wa wadau katika mnyororo wa thamani wa mazao ya bahari". Anakutazama, anageuza pweza, anakuuliza: "Unanunua, hununui?"

Hatari kubwa ni pale maneno ya kitabuni yanapoingia kwenye habari yenyewe. "Zoezi la utoaji wa chanjo kwa watoto limefanyika" ni sentensi ambayo hakuna mtu yeyote ndani yake. Hata watoto wamefunikwa na zoezi. Mwalimu anayejua kazi anachukua kalamu nyekundu: nani kafanya nini? "Wauguzi wamewachanja watoto." Umepoteza maneno matano na umewapata wauguzi.

5. Utazijua sheria kabla hazijakujua

Wa udaktari wanakariri mifupa, wewe unakariri vifungu. Unaanza na Ibara ya 18 ya Katiba, inayokupa uhuru wa maoni. Unafurahi dakika kumi. Kisha zinakuja zinazoeleza uhuru huo unaishia wapi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kisha Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iliyochukua nafasi ya Sheria ya Magazeti ya 1976. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wanablogu wawe na leseni, na ada zake zikapita shilingi milioni 2. Mtu mwenye maoni ya bure akajikuta hamudu kuyatoa. Kanuni hizo zikaandikwa upya 2020. Katikati ya hayo, Machi 2019, Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha ilisema vifungu kadhaa vya sheria ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na 2023 Bunge likaifanyia marekebisho. Ukirithi madesa ya somo hili kutoka kwa waliokutangulia, unasomea historia.

Sheria hiyo ya 2016 pia ndiyo iliyofanya vyeti viwe habari nyeti. Mwandishi anatakiwa awe na ithibati na kitambulisho, na kanuni za 2017 ziliweka stashahada kuwa kiwango cha chini. Ndipo wakongwe waliotangaza tangu enzi za kanda wakarudi darasani, wakaketi mstari wa mbele pamoja na vijana waliokua wakiwasikiliza. Mwalimu anaita mahudhurio, anafika kwenye jina, anasita, anasema: "Shikamoo."

Na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari ilipoundwa, uenyekiti akapewa Tido Mhando, aliyewahi kuiongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC na baadaye TBC. Kwa hiyo ukienda kufuata kitambulisho, ile sauti ya kuigiza iache nyumbani. Mwenye sauti yupo.

4. Mjomba atauliza, "Hiyo nayo ni kazi?"

Usibishane na mjomba, mpe historia. Februari 1970 Serikali ilipolitaifisha gazeti la Standard, Mhariri Mkuu alikuwa Julius Nyerere mwenyewe. Aliyeketi mezani kila siku akiliendesha alikuwa Frene Ginwala, Mwafrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, na mwaka 1994 huyo huyo akawa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1972 gazeti hilo likaunganishwa na The Nationalist kuwa Daily News, mhariri wake akawa Benjamin Mkapa. Mwaka 1995 Mkapa akachaguliwa kuwa Rais. Mjomba atanyamaza kidogo, kisha atauliza wewe unagombea lini.

Ajira zenyewe ziko hivi. Vyumba vya habari vimebana, na waandishi wengi wa mikoani hulipwa kwa habari iliyotoka; isipotoka, wamefanya mazoezi ya kutembea. Lakini halmashauri zina vitengo vya habari, benki na kampuni za simu zina maofisa uhusiano, na mashirika yasiyo ya kiserikali hayaishiwi ripoti za kuandikwa. Nusu ya darasa lililoapa kufichua siri litaajiriwa kuzitunza, tena kwa mshahara mzuri zaidi.

3. Mafunzo kwa vitendo: utakutana na mhariri msanifu

Unaingia chumba cha habari na daftari jipya. Siku ya kwanza unaelekezwa ilipo birika. Siku ya pili unajua nani anakunywa bila sukari. Siku ya tatu gari linatoka na nafasi moja iko wazi, na wewe ndiye uliyekaa karibu na mlango.

Unarudi na habari ya ajali ya basi, maneno 900. Umeianza na jua lililokuwa kali, upepo, na abiria waliopanda kwa bashasha. Mhariri msanifu anasoma kimya, anavua miwani.

"Majeruhi wako aya ya saba."

"Ndiyo, mzee."

"Wamefikaje huko wakiwa wameumia hivyo?"

Hapo ndipo ile piramidi iliyogeuzwa ya darasani inapata maana. Jambo kubwa linakaa juu na dogo chini, ili nafasi ikipungua mhariri akate kuanzia mwisho bila kumuumiza mtu. Habari yako ya maneno 900 inatoka na 90, na jina lako limeandikwa vibaya. Unalinunua gazeti hilo hata hivyo, nakala mbili, moja ya mama.

Utakutana pia na ugonjwa sugu wa vyumba vya habari vyetu: habari za mgeni rasmi. Umetumwa uzinduzi wa kisima. Unarudi na "Serikali imewataka wananchi kutunza miundombinu ya maji". Mgeni rasmi amesema, ameongeza, amesisitiza, na aya ya mwisho amehitimisha. Mhariri mzuri anauliza swali moja: "Maji yanatoka?" Kama huna jibu, panda tena daladala.

2. Bahasha itakufikia, nawe hukuiagiza

Darasani wote ni watakatifu. Mwalimu wa maadili anauliza, "Ukipewa bahasha utafanyaje?" na mikono inapanda. Nitaikataa! Nitairudisha! Nitaiandikia makala! Mtihani unapita, wote wanapata alama nzuri.

Kisha unaketi kwenye ukumbi wa hoteli. Warsha imekwisha, supu imenywewa, na karatasi ya mahudhurio inapita kwa mara ya pili. Mara ya pili ndiyo yenye maana. Unaandika jina, chombo, saini. Dada mpole anakupa bahasha na kusema neno moja: "Nauli." Umekuja kwa miguu. Chombo chako kiko barabara ya pili.

Jambo hili lina utata wake, na chuo kisichousema kinakudanganya. Mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kidogo kwa habari, tena mwisho wa mwezi ujao, haioni bahasha kwa macho ya mwalimu mwenye mshahara. Ndiyo maana bahasha huitwa nauli, mafuta au soda, kila kitu isipokuwa jina lake. Lakini jaribu kuandika kwamba warsha ilichelewa kuanza na ikamalizika bila azimio hata moja, huku nauli yao iko mfukoni. Kalamu inakuwa nzito ghafla. Hakuna aliyekukataza kuandika, na hakuna aliyehitaji kukukataza. Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa 1995 na wanahabari wenyewe, lina kanuni za maadili zinazokataza zawadi za namna hiyo, nawe ulizikariri vizuri.

Pembeni yako yupo kanjanja. Hana chombo, hana daftari, ana kamera isiyo na kadi. Anajua ratiba ya warsha zote za jiji kuliko waandaaji. Ukimuuliza anaandikia wapi, anakuuliza kama umeshaonja pilau. Usimcheke sana. Tofauti yako na yeye leo ni cheti. Kesho itategemea ulichofanya na ile nauli.

1. Utaambukizwa "Nani kasema?" na hutapona

Alhamisi moja, katikati ya mwezi, ujumbe unaingia kwenye makundi yote kwa mpigo: petroli inapanda kesho kwa shilingi 500, jaza tangi sasa, watumie ndugu kumi. Mtaa mzima unakimbilia kituo cha mafuta. Bodaboda wanapanga foleni, wanapandisha nauli kabla hata ya petroli.

Mwanafunzi wa habari amekaa kitini, na kila mtu anadhani ni mvivu. Yuko kazini. Nani kasema? Bei kikomo za mafuta hutangazwa na mdhibiti wa nishati, EWURA, tena Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Leo ni Alhamisi ya wiki ya tatu. Tangazo liko wapi, na lina tarehe gani? Anampigia aliyetuma, katumiwa na jirani. Jirani kaletewa na dereva. Dereva anasema "watu wanasema". Watu wangapi, na walikuwa wapi? Dereva anakata simu. Uchunguzi mzima umechukua dakika chache na vocha kidogo, na familia imebakiwa na hela ya mboga.

Hicho ndicho ada inacholipia. Kukata video, binamu yako wa darasa la saba anaweza, na anafanya vizuri kukuzidi. Kupiga picha, simu inajipigia yenyewe. Hata ile sauti nzito ya foleni ya chakula, siku hizi kuna programu za akili mnemba zinazoitengeneza bila kikohozi. Kinachobaki bila mashine wala njia ya mkato ni tabia ya kukaa na jambo tamu mdomoni, kulijua, kulitamani, na bado usiliseme mpaka upate mtu wa pili aliyeliona kwa macho yake.

Tabia hii ina gharama zake. Utaharibu umbea mzuri vibarazani. Msibani utamuuliza mtu alipata wapi taarifa za marehemu kurogwa, nawe utahamishiwa kwenye kuosha vyombo. Na mchumba akikwambia "watu wanasema una mwingine", usije ukamuuliza chanzo chake. Kuna mahali taaluma inabaki mlangoni pamoja na viatu.

Siku ya kwanza darasani mwalimu atakuuliza kwa nini umechagua masomo haya. Utajibu kwa ujasiri kwamba umesikia yana ajira. Atakuuliza umesikia kwa nani.

Karibu chuoni.